Jozi 95 Kati ya 100: Rekodi za Nchi ya Makabila, kwa Vipimo vya Kamunyonge

Sisi wa Kamunyonge, Musoma, hatuna ghorofa la kutingisha mawingu. Tuna kamba ya kuanikia nguo. Katika nyumba moja ya kupanga, kamba ileile hubeba kanga za mama wa Kijita, kaptula za watoto wa Kijaluo, suruali ya mvuvi wa Kikara na shuka la kijana wa Kikurya aliyeingia mjini juzi. Hakuna anayegeuza shingo kuitazama. Lakini shika kalamu, ilinganishe kamba hiyo na dunia nzima, utaona inastahili medali.

Basi tushindane. Vipimo vyetu ni vinne, vyote vya nyumbani: basi la abiria 60, kiwanja cha mpira, Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, na Manispaa yetu ya Musoma, ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu 164,172. Filimbi!

1. NCHI ILIYOCHANGANYIKA KULIKO ZOTE AFRIKA

Mwaka 2003, James Fearon wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alizipanga nchi 160 kwenye jedwali moja. Swali lake lilikuwa jepesi: ukiokota raia wawili wa nchi fulani bila kuchagua, kuna uwezekano gani kwamba watakuwa wa makabila tofauti? Sifuri maana yake wote ni kitu kimoja. Moja maana yake kila mtu na lake.

Papua New Guinea ilichukua dhahabu kwa kugusa moja kamili. Nafasi ya pili duniani, na ya kwanza Afrika: Tanzania, 0.953! Okota Watanzania wawili wawili mara 100, na jozi 95 zitakuwa za makabila mawili tofauti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifuata kwa 0.933, Uganda 0.93. Majirani zetu wa Kenya walipata 0.852. Korea zote mbili ziliganda karibu na sifuri, na Wajapani hawakuwa mbali nazo.

Msomaji mjanja atauliza: Nigeria je, yenye lugha zaidi ya 500 wakati sisi tuna kama 120 na ushei? Nigeria ilipata 0.805. Siri iko kwenye ukubwa wa wachezaji, idadi yao haitoshi. Nigeria ina Wahausa, Wayoruba na Waigbo, ligi yenye Simba, Yanga na Azam wanaojaza uwanja peke yao huku wengine wakigombea kutoshuka daraja. Sisi ligi yetu haina Simba wala Yanga. Kabila kubwa kuliko yote, Wasukuma, linakadiriwa kuwa mtu mmoja tu kati ya sita. Watano waliobaki wanatoka pande zote za nchi, na hakuna anayeweza kuunda serikali kwa kuwapigia simu binamu zake.

2. SWALI LILILONYAMAZISHWA MUDA MREFU KULIKO YOTE

Ajabu ni kwamba medali hiyo tumepewa kwa kitu ambacho wenyewe tumekataa kukihesabu. Karani wa sensa aliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Zikaja sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022: sensa tano, miaka 55, na swali halijarudi kwenye karatasi. Atakuuliza choo chako ni cha namna gani na paa lako ni la nini. Kabila lako, hapana.

Tangu karani alipouliza mara ya mwisho, Watanzania wametoka milioni 12.3 hadi milioni 61.7, yaani tumejizidisha mara tano bila kujua Wajita wangapi, Wamakonde wangapi. Ndiyo maana takwimu yoyote ya kabila utakayoisoma, hata hizi zangu, ni makadirio ya watafiti.

3. FAMILIA NYINGI ZA LUGHA CHINI YA BENDERA MOJA

Kutoka Lisbon hadi Moscow msafiri atasikia Kireno, Kifaransa, Kijerumani, Kipolandi na Kirusi, na zote hizo ni ndugu wa tumbo moja, familia ya Kihindi-Kiulaya. Maelfu ya kilomita, familia moja.

Sasa shuka Kondoa na jirani zake, mkoani Dodoma. Hapo Warangi ni Wabantu. Waburunge na Waasi wa huko, wanaojulikana pia kama Waalagwa, ni Wakushi, ndugu wa mbali wa Wasomali. Wabarabaig na Wamaasai wanaopitisha ng'ombe ni Waniloti. Na Wasandawe huongea kwa vidoko, zile sauti za ulimi kugonga kaakaa, ambazo wataalamu kwa muda mrefu waliziweka kapu moja na lugha za Kalahari. Familia zote nne za mgawanyo wa kale wa lugha za Afrika, katika eneo ambalo basi linalivuka kabla ya chakula cha mchana. Hakuna nchi nyingine barani inayozikusanya zote nne.

Hapa mkoa wetu wa Mara unashindwa, nakiri mapema kabla Dodoma na Manyara hawajaleta malalamiko. Tuna familia mbili tu zilizo hai, Wabantu na Waniloti. Ila Waniloti wetu wako matawi mawili: Wajaluo wa tawi la magharibi na Wataturu wa tawi la kusini. Na Wajaluo wa Mara wanashikilia rekodi yao: katika ukoo mzima wa Waluo, ulioanzia bonde la Nile huko Sudan Kusini, hakuna waliofika kusini kuliko wao.

4. MAKABILA MENGI KWENYE ENEO DOGO

Hapa ndipo Mara inapovua koti. Nchi kavu ya mkoa wetu ni kilomita za mraba 21,760. Rwanda nzima ni 26,338. Rwanda inatuzidi eneo, na nchi yote inazungumza Kinyarwanda kuanzia mpaka hadi mpaka.

Mara? Vuta pumzi. Wazanaki wa Butiama. Waikizu wa Nyamuswa. Wajita wa Majita na mwambao wa Bunda. Wakwaya, wenyeji wa hapa Musoma, na jirani zao Waruri. Wasizaki wa Bunda. Wakabwa, Wakiroba, Wasimbiti. Wangoreme. Waikoma, Wanata na Waisenye, wanaolala wakisikia nyumbu wa Serengeti. Wakurya wa Tarime. Wajaluo wa Rorya. Wataturu na mifugo yao. Wakara na Wakerewe waliovuka maji. Wasukuma waliopanda kutoka kusini. Hao ni kumi na tisa, na hapo nimemhesabu Mkurya mara moja tu. Mwenyewe atanikatalia: "Mura, mimi ni Mnchari, yule ni Mkira, na Watimbaru, Wanyabasi na Wairegi umewaweka wapi?"

Barabara inathibitisha. Toka Sirari mpakani asubuhi na Kikurya. Ukifika upande wa Utegi unasikia Kijaluo, lugha ambayo Mkurya haibahatishi hata neno, kwa kuwa hizo mbili si ndugu kabisa. Vuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, uko tena kwa Wabantu, ila si walewale. Kizanaki, Kiikizu na Kikurya vinafanana na Kikisii cha Kenya. Kijita na Kikwaya vimeegemea upande wa Kihaya. Wasafiri wawili wa Kibantu kwenye kiti kimoja, na lugha zao zina babu tofauti wa karibu. Kabla ya sala ya adhuhuri uko Bunda, na ukiendelea kidogo hadi Lamadi, Kisukuma kinakupokea. Asubuhi moja, nauli moja.

Sitadai kwamba watu hao wote wameishi kama samaki wa mchuzi mmoja siku zote. Koo za Tarime zimepigania ng'ombe na mipaka, na mishale imeruka. Lakini angalia nani aligombana na nani: mara nyingi ni Mkurya na Mkurya.

5. KABILA KUBWA KULIKO YOTE NA MOJA YA MADOGO KABISA

Sehemu hii ni ya kikokotoo. Tukichukua makadirio ya asilimia 16, Wasukuma wanakaribia milioni 10. Ukiwaingiza Uwanja wa Mkapa kwa zamu, utahitaji zamu zaidi ya 160. Ukiwapa mechi moja kila siku, wa mwisho wataingia baada ya miezi mitano na ushei.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wawindaji na warina asali, wanakadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 1,300. Mabasi ishirini hivi yanatosha. Stendi moja ya wilaya ingewaaga wote kabla ya saa tatu asubuhi. Hata hivyo lugha yao wanayo. Watu wa kujaza mabasi ishirini, na Kihadzabe hakijapatikana ndugu yake wa uhakika popote duniani!

6. KABILA DOGO, KITI KIKUBWA

Wazanaki hawamo kwenye orodha yoyote ya makabila makubwa. Makadirio ya mwanzoni mwa karne hii yaliwaweka kwenye laki moja hivi, wachache kuliko wakazi wa Manispaa ya Musoma leo. Kutoka kwao, Butiama, Aprili 13, 1922, alizaliwa Julius Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Mwaka 1934 akaanza shule Mwisenge, hapa hapa Musoma, maili 26 kutoka kwao. Piga hesabu: hizo ni kilomita 42, umbali wa marathoni! Mbio ambazo John Stephen Akhwari, Mwiraqw wa Mbulu, alizimaliza kwa kuchechemea kule Mexico City mwaka 1968, ndizo zilizomtenganisha mtoto wa Butiama na darasa lake la kwanza.

Mwaka 1953 akamwoa Maria, Msimbiti wa Baraki. Mzanaki na Msimbiti: chukua makabila yao yote mawili, uyapeleke Uwanja wa Mkapa, bado hutakuwa na kazi ya siku nyingi. Na nyumba hiyo ndiyo iliyoingia Ikulu.

Upande wa pili wa mizani ni rekodi ya subira. Kabila kubwa kuliko yote lilingoja tangu Uhuru wa 1961 hadi Novemba 2015 ndipo mtu wa Chato, John Magufuli, akaapishwa kuwa Rais. Karibu miaka 54. Kati ya Nyerere na Magufuli walipita marais watatu, mtu wa Zanzibar, mtu wa Lupaso na mtu wa Msoga, na kura zikapigwa bila Wasukuma kuandamana wakidai zamu yao. Katika nchi nyingi ninazozijua kwa kusoma magazeti, hesabu hiyo isingekubali.

7. UHAMISHO MKUBWA KULIKO WOTE

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri, na mwisho wake ni 1976. Ikaja Operesheni Vijiji, uhamisho ambao wanahistoria wanauita mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa Afrika huru. Watu zaidi ya milioni 10 walijikuta ndani ya vijiji vilivyopangwa.

Milioni 10 ni Musoma 60. Au chukua mabasi yetu ya abiria 60, kila moja mita 12, uyapange pua kwa mkia: foleni ya kilomita 2,000. Inaanzia stendi ya Musoma, inafika Dar es Salaam, na mabasi yanayobaki yanageuza yakirudi karibu nusu ya njia. Haikuwa safari ya kupendeza kwa wote. Wapo walioondolewa kwa nguvu na kuacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Mara nayo ilihamishwa. Lakini ukiuliza kwa nini kijiji kimoja kina koo ambazo babu zao hawakuwahi kuchota maji kisima kimoja, jibu moja ni miaka ile mitatu.

8. KUBANANA NA KUACHIANA

Kiwanja cha mpira chenye vipimo kamili ni mita 105 kwa 68. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwenye kilomita za mraba 1,393, inaweka watu 27 hadi 28 kwenye kila kiwanja: timu mbili kamili, refa, washika vibendera wawili, na akiba wawili watatu wanaopasha misuli. Lindi, nao mkoa wa pwani ukishuka kusini, mtu mmoja anamiliki karibu viwanja vinane. Akipiga penalti atafuata mpira mwenyewe. Mara tumekaa vizuri: watu wanne, viwanja vitano.

Na tunaongezeka. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 nchi iliongeza watu milioni 16.8. Hiyo ni Manispaa ya Musoma nzima, na Kamunyonge ndani yake, ikizaliwa upya kila baada ya siku 36! Wakati huohuo Mkoa wa Kusini Unguja, mdogo kuliko yote kwa watu, una 195,873. Mkoa, una mkuu wa mkoa na kila kitu, na unatuzidi sisi mji mmoja kwa watu wa kujaza nusu tu ya Uwanja wa Mkapa.

9. NYUZI NYINGI, MKOA MMOJA

Litungu la Wakurya lina nyuzi nane. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane. Lugha za makabila haya hazina udugu wowote, lakini vinanda vyao vimekubaliana idadi. Mkurya anaongeza viatu vya ubao mzito vinavyotikisa ardhi anapocheza. Kwa uzito wa viatu, Tarime haina mpinzani, na sitasubiri jedwali la Stanford.

10. KITABU KILICHONGOJA KULIKO VYOTE

Ukivuka kwa kivuko kutoka Kisorya, wilayani Bunda, unafika Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Huko Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe. Hakuna aliyetaka kuichapa kwa lugha ya watu wachache hivyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Miaka 35! Mwalimu aliingia madarakani, akatawala, na alikuwa anakaribia kung'atuka, kitabu kikiwa bado kwenye makaratasi. Kitereza alifariki mwaka 1981.

Kwangu mimi hii ndiyo rekodi nzito kuliko zote kwenye orodha hii. Inaonyesha bei. Kiswahili kilimpa wasomaji, na Kikerewe kikabaki nyuma ya pazia la kitabu chake mwenyewe.

11. LUGHA ILIYOFUNGA MABAO MENGI

Julai 7, 1954, siku TANU ilipozaliwa, Kiswahili kilichukuliwa kuwa silaha ya kudai Uhuru. Mwaka 2021 UNESCO ikaifanya tarehe hiyo Siku ya Kiswahili Duniani. Wasemaji leo wanakadiriwa kuvuka milioni 200: kwa kila Mtanzania, wengine zaidi ya wawili walio nje ya mipaka yetu. Vipimo vyangu vinaishia hapa, maana milioni 200 ni Uwanja wa Mkapa kujaa kila siku kwa miaka tisa, pamoja na sikukuu.

Lakini rudi kwenye kamba ya nguo. Mvua ya ziwa ikianza kudondoka ghafla, sauti ya kwanza uani ni "Anueni!" na mama wa Kijita, mke wa mvuvi wa Kikara na kijana wa Kikurya wanatoka mbio pamoja. Hakuna aliyesimama kutafsiri.

Sasa zamu yako, msomaji. Kesho panda mchomoko wa kwenda Bunda. Salimia, kisha uliza kwa utani, kama tunavyoulizana siku zote, kila mmoja kwao ni wapi. Ukikuta gari zima ni kabila moja, shuka, njoo Kamunyonge, nauli yako nitakurudishia mimi.